Hoteli ya Mama Kakuma pale Konyo Konyo, Juba: chakula safi, bei inafuata bomba la mafuta

Kwa wale wanaoniuliza kila mara Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, mtu anakula wapi, jibu langu saa hizi ni moja tu. Kuna hoteli ndogo ndani ya soko la Konyo Konyo, upande wa wauza samaki wakavu, haina bango wala namba, ukuta mabati na paa mabati, ndani meza chache na mabenchi, na madereva wa trela wanaiita kwa Mama Kakuma kwa sababu mwenyewe alikulia kambi ya Kakuma kule Turkana, shule kasoma hapo, biashara ya kwanza ya maandazi kaifanyia hapo, halafu nchi yao ilipopata uhuru Julai 2011 akafunga virago akarudi kwao. Kiswahili chake ni chetu kabisa. Ukiingia anakuuliza "kaka, umekuja na mzigo ama umekuja na njaa?" na kabla hujajibu maji ya kunawa yashafika.

Nampa nyota nne kwa tano. Nitaongea chakula kwanza halafu niongee bei, na kwenye bei nitakaa sana, manake bei ya ile sahani inaamuliwa Port Sudan, bandari ya Sudan, sio jikoni kwake, na mtu asipolielewa hilo atatoka pale akisema mama anaibia watu na sio kweli hata kidogo.

Chakula. Samaki ndio wa kuagiza. Ni samaki wa Nile anayeletwa kutoka Terekeka na Bor, anakaangwa mpaka ngozi inakuwa kavu halafu anazamishwa kwenye rojo ya nyanya na kitunguu kingi na pilipili kidogo, anakuja na asida ya mtama ile nyeusi nyeusi au ugali wa mahindi ukitaka. Siku asipokuwa na samaki anapika kombo, yaani mboga ya majani na karanga za kusaga, anaiacha jikoni taratibu mpaka mafuta ya karanga yanapanda juu yanang'aa, na hiyo ukila na kisra, ile mikate myembamba ya mtama, ikiwa moto hutataka kuongea na mtu. Kuna bamia ya kukaushwa pia, inavutika kama kawaida yake, mimi siipendi sana lakini wenyeji wanaifuata kutoka mbali. Asubuhi ful, yaani maharage ya kupondwa, na chai ya tangawizi. Chapati zinapikwa na kijana wa kutoka Gulu na ni chapati kweli, laini, sio zile ngumu za barabarani Nimule, mpakani na Uganda. Usafi uko sawa, sufuria zinafunikwa, vikombe vinaoshwa kwa maji ya moto, choo ni cha soko na hapo sina la kumtetea.

Sasa bei.

Mlangoni kuna ubao mweusi, bei zinaandikwa kwa chaki, na ukisogea karibu utaona chini ya bei ya leo ile ya juzi haijafutika vizuri na chini yake kuna nyingine tena, namba juu ya namba. Mwaka 2024 nilimuona akibadilisha mchana, watu wamekaa wanakula, kijana wake kaingia kutoka kwa wabadilishaji pesa kamnong'oneza kitu, mama akachukua kitambaa kibichi akaenda mlangoni akafuta akaandika upya. Waliokuwa wameshaagiza walilipa ya zamani, hilo alilisema kwa sauti kila mtu asikie. Nimekaa na wafanyabiashara wengi njia hii ya Mombasa mpaka Juba na wanaofanya hivo ni wachache.

Kilichokuwa kinatokea ni hivi. Sudan Kusini karibu asilimia 90 ya mapato ya serikali yanatoka kwenye mafuta. Mafuta ni yao, yako Paloch huko Upper Nile na visima vya Unity, lakini bahari hawana, kwa hiyo lazima yapite kwenye bomba refu la zaidi ya kilomita elfu moja hadi Port Sudan, ndani ya nchi ileile waliyopigana nayo miaka na miaka mpaka wakatengana. Na mafuta ya Paloch ni mazito, yakipoa yanaganda, inabidi yapashwe moto na kusukumwa njia nzima na zile stesheni za kusukuma zinataka dizeli kila siku. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 stesheni zikajikuta katikati ya majeshi mawili. Februari 2024 bomba likaharibika, na mafuta ya upande huo yakasimama karibu mwaka mzima, hadi Januari 2025. Benki kuu yao inauza dola kwa mnada na dola zenyewe zinatoka kwenye hayohayo mafuta, sasa mafuta yakisimama dola zinapotea, na mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa pauni yao elfu moja na kitu, mwaka ulipoisha mtaani ilikuwa imeshapanda karibu mara nne. Noti ya pauni 1,000 ikawa haizidi robo ya dola. Watu wanabeba pesa kwenye mifuko ya plastiki ya sokoni na hakuna anayeshangaa.

Nyanya ya mama inatoka Uganda. Kitunguu Uganda. Unga, mafuta ya kupikia, sukari, maharage, mayai, vyote vinaingia Nimule na vyote mwenye mali anataka dola au shilingi ya Uganda, hataki pauni. Kwa hiyo bomba likiziba kule jangwani wiki hiyohiyo nyanya inapanda Konyo Konyo. Sijui kama kuna mji mwingine nimewahi kula ambapo mama wa hoteli anafuatilia habari za bomba kuliko habari za mvua.

Na hili la nyanya linaniuma, nisipolisema nitakuwa sijaandika kitu. Ardhi ya Equatoria, kusini mwa nchi, ni ardhi ya kulima, mvua ipo, Yei na Yambio na Maridi watu walikuwa wanalima mihogo, mananasi, mahindi, karanga, na Yei ilikuwa inapeleka chakula Juba. Halafu vita vya 2016 vikafika huko, vijiji vikahamia Uganda, Bidi Bidi ikafunguliwa mwaka huohuo ikawa moja ya kambi kubwa kabisa duniani. Uganda hadi leo ina wakimbizi karibu milioni moja wa Sudan Kusini. Yaani mkulima yuko kambini ng'ambo, shamba limekuwa msitu, na Juba inanunua nyanya kwa dola ya mafuta. Mwaka 2025 mashirika ya UN yalihesabu watu kama milioni 7.7 wenye njaa kali ndani ya nchi hiyo. Pesa ya mafuta imeingia tangu kabla ya uhuru na haikurudi shambani, ilienda kwenye mishahara ya jeshi, kwenye magari makubwa ya mabosi, kwenye nyumba walizojenga nje, nyingine ziko Nairobi kwetu na sisi tunaziona tukipita. Septemba 2025 tume ya UN ya haki za binadamu ilitoa ripoti ikasema kuwa kati ya 2021 na 2024 dola kama bilioni 2.2 zilipelekwa kwenye mpango wa mafuta kwa barabara, yaani mafuta yalipie ujenzi wa barabara, na sehemu kubwa ya barabara hizo hazipo. Mimi nazipita hizo barabara. Lami ya maana ya kwenda mpakani ni ile ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilijengwa kwa pesa ya Wamarekani ikaisha 2012.

Turudi hotelini, kuna daftari.

Mama anakopesha. Wateja wake wa mchana wengi ni walimu wa shule za serikali, manesi, makarani wa wizara, na mapolisi wawili watatu wa pale sokoni, na hawa 2024 walikaa miezi na miezi bila mshahara, wengine karibu mwaka, na hata ukija ukiubadilisha unapata dola chache tu, hautoshi gunia la unga. Sasa yeye ana daftari la kurasa ngumu, kila mteja na ukurasa wake, na ndani haandiki pesa. Anaandika sahani. Mwalimu fulani, samaki mbili, kombo nne, chai sita. Mshahara ukitoka unalipa sahani zako kwa bei ya siku hiyo, sio ya siku uliyokula. Nilimuuliza kwa nini akaniambia "kaka, nikiandika pauni nitakuwa nimemgawia chakula bure, nikiandika dola atakuwa amekimbia kabla hajala, sahani ni sahani." Mwalimu aliyekuwa amekaa meza ya pili akacheka akasema kwa Kiarabu cha Juba gurush mafi, hela hakuna, lakini njaa haingojei wizara.

Nimelifikiria sana lile daftari. Serikali ina benki kuu, ina wizara ya fedha ambayo tangu 2020 imebadilishwa mawaziri mpaka watu wameacha kuwahesabu, ina mafuta ya kuuza mapema kabla hayajachimbwa na ndivyo imekuwa ikifanya, inakopa kwa mapipa ya mwaka ujao ilipe ya mwaka uliopita, na haijaweza kumpa mwalimu njia ya kujua mwisho wa mwezi atakula nini. Mama mmoja na peni amempa. Anapoteza hapo, ananiambia wengine walihama hawakulipa, mmoja alifariki akafuta ukurasa wake, lakini hajaacha. Kwa hili peke yake ningempa nyota zote tano kama sio kusubiri chakula.

Maana kusubiri kupo. Ukifika saa saba mchana utakaa nusu saa na zaidi, jiko ni la makaa, mkaa nao umepanda, na kijana wa kuhudumia ni mmoja anayezunguka meza zote. Umeme ni wa jenereta ya jirani wanayochangia, ukikatika feni inazima na ndani ya mabati yale joto la Juba mwezi wa tatu linakushusha. Soda baridi usitegemee. Maji ya kunywa nunua chupa, ya kunawa yanaletwa na boza kutoka mtoni.

Usiku kuna tivii ndogo juu ya kabati na hapo utaona kitu ambacho kwetu hakipo. Taarifa ya habari ya SSBC, televisheni ya taifa, ikianza mazungumzo yanapungua, kwa sababu amri za rais zinasomwa hapo, fulani ameondolewa, fulani ameteuliwa, waziri, gavana, mkuu wa jeshi, gavana wa benki kuu, wakati mwingine mtu anajua hana kazi akiwa mezani anakula. Nilikuwepo siku moja ikasomwa orodha ndefu na kila jina likitajwa kuna mtu pale anahesabu kichwani ni nani atakayekasirika na ana askari wangapi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama hanunui stoo kubwa. Nilidhani ni mtaji mdogo, kumbe ni hesabu. Ananunua vya siku mbili tatu basi, kwa sababu kuna wakati ukiwa na magunia kumi ndio umewawekea wengine.

Ana sababu zake. Desemba 2013 vita vilianzia hapohapo Juba, kwenye kambi za jeshi, Rais Kiir na Riek Machar aliyekuwa makamu wake walipogombana na jeshi likagawanyika nao. Watu hawakumbuki kwamba lile jeshi lilikuwa limeunganishwa kwa pesa, baada ya mkataba wa amani wa 2005 wanamgambo waliokuwa wanapigana na SPLA, waasi wa kusini waliokuja kuwa jeshi la nchi, waliingizwa ndani kwa maelfu wakapewa vyeo na mishahara, na mafuta ndio yalikuwa yanalipa. Halafu Januari 2012, nchi haijamaliza hata mwaka, serikali yao wenyewe ikafunga visima kwa ugomvi na Khartoum juu ya ada ya bomba, wakakaa zaidi ya mwaka bila mapato ya mafuta. Walipofungua 2013 walikubali kulipa karibu dola 25 kwa kila pipa, ada na fidia pamoja. Mwaka huohuo haujaisha, vita hivyo vya Desemba vikaanza. Mimi siamini kwamba ni bahati mbaya vitu hivyo viwili vimefuatana. Pesa iliyokuwa inawaweka wakubwa meza moja ilipungua, na hawakuwa na kitu kingine kilichowaweka pamoja.

Julai 2016 tena, Juba, siku chache za risasi na soko likaporwa. Mama anasema alitoka na sufuria mbili na mtoto. Alirudi baada ya wiki kadhaa akaanza na chai tu. Januari 2025 ikaja nyingine ya aina yake, video za Wasudani Kusini waliouawa kule Wad Madani, Sudan, zilipozunguka vijana wa Juba wakavamia maduka ya Wasudani, amri ya kutotoka usiku ikatangazwa, Facebook na TikTok zikafungwa kwa siku kadhaa. Wenye viwanda vya mikate wengi mjini ni watu wa Darfur, wakafunga, mkate ukaadimika, na mama akapika chapati mpaka unga ukaisha. Jirani yake muuza viungo ni mtu wa Darfur, mzee, alilala nyuma ya jiko la mama mpaka hali ilipotulia. Hilo sikuambiwa na yeye, niliambiwa na mzee mwenyewe, na hadi leo viungo anamuuzia kwa bei ya kununulia.

Machi 2025 baada ya mapigano ya mji wa Nasir, Upper Nile, Machar akawekwa kizuizini nyumbani, Septemba akafunguliwa mashtaka ya uhaini, na uchaguzi uliokuwa ufanyike Desemba 2024 ulikuwa umesogezwa hadi Desemba 2026. Mkataba wa amani wa 2018 kati ya Kiir na Machar bado wanauita mkataba. Wale askari wa jeshi la pamoja la pande hizo waliohitimu kwa sherehe Agosti 2022 wengi walikaa bila mshahara wala kupangiwa kazi, na unawaona wengine kwenye vizuizi vya barabarani. Wenzangu wa mizigo mnavijua vile vizuizi, kamba na jiwe na kiti cha plastiki, kila kimoja na risiti yake au bila risiti, na kila pauni inayolipwa pale inaishia kwenye bei ya nyanya. Aprili na Mei 2024, mapato ya mafuta ya serikali yamepungua sana, wakaongeza tozo mpya mpakani na malori zaidi ya elfu yakakwama Elegu, upande wa Uganda, mengine ya mafuta ya UN, mpaka UN ikasimamisha kudondosha chakula kwa ndege. Serikali iliyokosa dola ya bomba ilienda kuitafuta kwenye lori la chakula. Mama wiki hizo alipika mtama mtupu na samaki wakavu na akashusha bei, kasema chakula pungufu hakiuzwi bei kamili.

Ukilinganisha, kuna hoteli moja kubwa kule mjini, ya ghorofa, sitaitaja, bafee yao ni kwa dola na inakuwa imejaa watu wa mashirika na kampuni za mafuta, nililala pale mara moja nikakuta kwenye bili ada ya jenereta ambayo sikuambiwa na nilipouliza nikaonyeshwa karatasi ukutani. Chakula chao kizuri, sikatai. Lakini kuku ametoka Brazil kwenye kontena na saladi imepanda ndege.

Kwa anayetaka kwenda: ingia Konyo Konyo kwa lango la wauza samaki, uliza mtu yeyote kwa Mama Kakuma, boda za hapo wanajua. Fika kabla ya saa sita kama unataka samaki, baada ya hapo ni kombo au maharage. Lipa kwa pauni, dola anachukua lakini noti iliyochakaa au ya zamani hataichukua kwa sababu naye hawatamchukulia, na usibadilishe pesa barabarani, muulize yeye reti ya siku kabla hujaagiza atakwambia ukweli. Pesa za simu anapokea ila mtandao ukisumbua utakaa. Usipige picha ndani wala sokoni, kuna watu wa usalama na hutaki mazungumzo hayo. Jumapili anafungua mchana baada ya kanisa. Na ukiona kwenye ubao bei imefutwa na haijaandikwa mpya kaa chini usubiri, hajafunga, anangoja kijana arudi na reti.